Injini Zilizochoka Kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Katika mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, swali la kukarabati injini iliyochoka au kuibadilisha lilianzia kwenye meli. Agosti 1914 meli ya mvuke ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli, bandari waliyoiita Sphinxhafen, ikisubiri matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kuwa vita vimeanza. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikafika na kuiteka pale pale ilipolala. Waingereza hawakuhitaji kuizamisha: waliondoka na vipande muhimu vya mashine, nayo haikuweza kusafiri. 

Chauncy Maples, meli ya misheni ya Waanglikana iliyohudumia pia vituo vya mwambao huu, ilisafirishwa kutoka Glasgow mwaka 1899 ikiwa katika vifurushi karibu 3,500. Bwela lake la tani 11 lilikokotwa na mamia ya watu kwa mikono, na meli ikateremshwa majini mwaka 1901. Kitu kilicholetwa kwa jasho la namna hiyo hakitupwi ovyo. Mashine yake ya mvuke, iliyolishwa kuni, ilitunzwa kwa zaidi ya miaka 60 hadi serikali ya Malawi ilipoinunua meli na kuifunga injini ya dizeli katika miaka ya 1960. Bodi ilibaki ile ile.

Huku nyuma, kahawa ilikuwa imeingia Umatengo, katika milima ya Mbinga, tangu miaka ya 1920, na magunia yakahitaji malori. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko chini ya mita 500, na barabara ya kwenda Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, inashuka tofauti hiyo kwa kona kali. Dereva mwenye busara huteremka kwa gia nzito ili injini ishikilie gari badala ya breki. Kazi hiyo ina gharama yake. Katika injini ya petroli, mguu ukitoka kwenye mafuta, hewa ndani ya silinda hupungua, nayo oili huvutwa ikipita kwenye ringi zilizolika na miongozo ya valvu iliyolika. Ndiyo sababu gari lililochoka hutoa moshi wa buluu mara linapoanza kupanda tena baada ya mteremko mrefu. Vumbi la kiangazi likipenya kwenye chujio bovu, humaliza kilichobaki.

Moshi peke yake hautoshi kutoa hukumu. Fundi hupima kompresheni, husikiliza kama injini inagonga chini, hutazama kama mvuke unafuka kwenye mdomo wa kuwekea oili. Silinda ikiwa imelika kiasi, bloku huchongwa kupanuliwa nusu milimita, hata milimita moja, zikawekwa pistoni kubwa zaidi; krenki nayo husagwa ikapewa beringi nene. Bloku yenye ufa, au iliyokwisha kuchongwa hadi mwisho, ni vigumu kuitetea.

Miaka ya 1970 na 1980 hukumu hiyo ilitolewa na fedha za kigeni kuliko na fundi. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya nchi, na spea zikaadimika. Injini nzima ilikuwa ndoto. Ringi zilihamishwa kutoka gari hadi gari, gasketi zikakatwa kwa mkono, na Land Rover moja ikachinjwa ili nyingine mbili zitembee. Karakana za misheni, kama zile za Wabenediktini wa Peramiho, waliofika huko mwaka 1898, zilikuwa hazina ya vifaa na ya mafundi. Ustadi wa kipindi hicho unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Mambo yaligeuka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Baadaye injini zilizotumika kutoka Japani zikajaa sokoni Dar es Salaam. Ilionekana mara nyingi kuwa kuchonga bloku, kununua pistoni, ringi na beringi kunakaribia bei ya injini kamili ya mtumba. Land Rover nyingi zikafungwa injini za dizeli za Kijapani. Kubadilisha nako kuna hesabu zake: vishikizo huchomelewa upya, giaboksi hutafutiwa kiungo, rejeta ndogo huchemsha kwenye kilima, na namba mpya ya injini lazima iingizwe kwenye kadi ya gari. Tena historia ya injini ya mtumba haijulikani. Huenda nayo imelika kama ile iliyotolewa.

Lami ilipofika Mbinga kutoka Songea, na baadaye Mbamba Bay, umbali wa kilomita 66 zaidi, vumbi lilipungua na spea zikasafiri kwa basi. Kilima kimebaki pale pale, na magari yaliyochoka yanayokishuka kwa gia nzito bado hutoa moshi wa buluu yanapoanza kupanda.