Uso wa mshumaa wa glasi

Uso wa mshumaa wa glasi ni sehemu ya juu ya nta iliyomiminwa ndani ya glasi au kopo na kuachwa igande humo humo. Ubora wake hutegemea zaidi namna nta inavyopoa. Parafini ikiganda hunywea, ikapoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake au zaidi. Pembeni, penye kugusana na glasi, huganda kwanza. Katikati hubaki majimaji na kuvutwa chini, na ndipo shimo hutokea kando ya utambi. Wakati mwingine shimo hujificha chini ya utando mwembamba, kwa hiyo mtengenezaji makini hutoboa utando huo kwa kijiti karibu na utambi, kisha huongeza nta yenye joto zaidi kidogo kuliko ile ya kwanza, ili ishikane vizuri. Kiasi hiki cha kujazia kiwekwe akiba tangu mwanzo, la sivyo rangi na harufu hazitalingana.

Nta ya soya hunywea kidogo, lakini hutoa madoa meupe kama ukungu, kwani mafuta yake hujipanga upya kuwa fuwele. Ni tabia yake, si uchafu, wala hayadhuru uwakaji.

Glasi hupashwa moto kidogo kabla ya kumimina, na mshumaa hupozwa polepole mbali na upepo. Kuupoza haraka ndani ya friji huharibu kazi. Uso ukibaki na makunyanzi, huyeyushwa juujuu kwa mashine ya kukaushia nywele.