Tangazo, Tiketi na Mkataba: Mahali Ponografia Inapokutana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu

Mjadala kuhusu uhusiano wa ponografia na usafirishaji haramu wa binadamu umekwama siku nyingi kati ya kambi mbili. Mwaka 2005 mwanasheria wa Marekani, Catharine MacKinnon, alichapisha makala akidai kwamba ponografia yenyewe ni aina ya usafirishaji haramu. Upande wa pili, watetezi wa uhuru wa kujieleza husema kwamba mtu mzima aliyetia sahihi na kulipwa ujira wake anafanya kazi kama wafanyakazi wengine, na kumwita mhanga ni kumdharau. MacKinnon yuko karibu zaidi na ukweli, maana anauliza video imepatikanaje. Lakini dai lake ni pana kiasi kwamba mwendesha mashtaka hana pa kulishikia. Msimamo wangu ni mwembamba zaidi: uhusiano upo, unathibitika mahakamani, ila ushahidi wake haupatikani kwa kuitazama video. Unapatikana kwenye tangazo la kazi, tiketi ya ndege, simu zilizopigwa na karatasi zilizosainiwa kwa pupa.

Kesi ya GirlsDoPorn inaonyesha hivyo bila kuacha shaka. Tovuti hiyo ya ponografia iliendeshwa kutoka San Diego, California, na Michael Pratt, raia wa New Zealand. Matangazo yaliwekwa kwenye tovuti ya matangazo ya Craigslist yakitafuta wanamitindo wa kike. Msichana aliyeyafuata alifikishwa kwenye kurasa zenye picha za wanamitindo waliovaa nguo zao, bila dalili yoyote ya ngono. Habari ya ngono ilikuja baadaye, ikiwa imefungwa pamoja na dola elfu kadhaa taslimu na ahadi tatu: video itauzwa kwa DVD kwa wateja binafsi wa ng'ambo, haitawekwa kamwe kwenye intaneti, na jina lake halitajulikana. Wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo, wenye ada na kodi za kulipa.

Aliyesita alipewa namba ya simu ya msichana mwingine, eti naye aliwahi kurekodiwa. Huyo alimtoa hofu: ni kweli wanalipa, ni kweli haivuji. Hakumwambia kwamba analipwa kusema hayo. Katika kesi nzima, hapa ndipo naona ufundi wa biashara hii ulipo. Mtu hamwamini mwanamume asiyemjua, humwamini mwenzake. Yeyote anayefahamu jinsi mabinti wa mikoani wanavyochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam au Nairobi ataitambua mbinu hiyo mara moja, kwani anayefika kumwombea binti ruhusa nyumbani mara nyingi ni shangazi, jirani, au dada aliyetangulia mjini.

Yaliyofuata hotelini yameelezwa kwa kirefu na mashahidi. Mkataba mrefu wenye lugha ya kisheria ulitolewa dakika za mwisho, ukiwa na majina ya kampuni ambayo msichana hakuwahi kuyasikia, na jina la tovuti halimo. Wengine walipewa pombe au bangi kwanza, kisha wakatakiwa kutamka mbele ya kamera kwamba wana akili timamu na wamekubali kwa hiari. Aliyebadili mawazo aliambiwa atashtakiwa, au tiketi yake ya kurudi itafutwa. Wapo waliosimulia kwamba mlango ulizibwa kwa vifaa na samani. Malipo nayo yalikatwa kwa visingizio kama alama ndogo mwilini. Kisha video ikapanda mtandaoni, vipande vyake vikawekwa kwenye tovuti ya Pornhub kuvutia wateja, na viungo vyake vikawafikia ndugu na wanafunzi wenzao.

Kesi ya madai ilifunguliwa mwaka 2016, na hatimaye walalamikaji wakawa wanawake 22. Utetezi ulikuwa ule uliotarajiwa: sahihi hizi hapa, na kauli zao za kukubali tumezirekodi. Januari 2020 Jaji Kevin Enright aliukataa, akawapa fidia ya takriban dola milioni 12.7. Mashtaka ya jinai ya serikali kuu yalikuwa yameshafunguliwa Oktoba 2019. Ruben Andre Garcia, mwigizaji aliyewarubuni wasichana, alifungwa miaka 20. Pratt alitoroka wakati kesi ya madai ikiendelea, akaingizwa kwenye orodha ya FBI ya watu 10 wanaosakwa zaidi, akakamatwa Hispania Desemba 2022, na Septemba 2025 akahukumiwa miaka 27.

Kosa lililowafunga halikuwa uchafu wa picha. Sheria ya Marekani kuhusu usafirishaji wa binadamu kwa ajili ya ngono inamgusa mtu aliyemtumia mtu mzima katika ngono ya malipo kwa nguvu, ulaghai au shuruti. Haidai minyororo, wala haidai mpaka uvukwe. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu inakwenda njia hiyo hiyo: njia haramu kama vitisho, udanganyifu au matumizi mabaya ya udhaifu wa mtu zikithibitika, ridhaa ya mhanga haina uzito. Ndiyo maana ile kauli iliyorekodiwa haikuwaokoa washtakiwa. Ilikuwa sehemu ya mtego wenyewe, imeandaliwa mapema kwa ajili ya siku ya mahakama.

Mahakama zimewahi kuitazama picha na kukosa kuuliza imepatikanaje. Filamu ya ponografia ya Deep Throat ya mwaka 1972 iliburuzwa mahakamani sehemu nyingi za Marekani, na mwaka 1973 jaji wa New York aliamua kwamba ni chafu kisheria. Hoja iliyokuwa mezani ni kama filamu inaudhi maadili ya jamii. Mwaka 1980 mwigizaji wake mkuu, Linda Boreman, alieleza katika kitabu chake kwamba mumewe alimlazimisha kwa kipigo na vitisho. Mtu anaweza kubishana na masimulizi yake, na wapo waliobishana, lakini kesi za uchafu hazikuwa na mahali pa kuyapokea.

Upande wa fedha nao una somo lake. Desemba 2023 kampuni ya Aylo, mmiliki wa Pornhub, iliafikiana na waendesha mashtaka wa New York kuhusu fedha ilizopokea kutokana na GirlsDoPorn, mapato ya usafirishaji haramu. Ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.8, kuwalipa wahanga, na kuwekewa msimamizi huru kwa miaka mitatu. Kwa kampuni ya ukubwa ule, ni adhabu nyepesi. Kilichoitikisa zaidi ni kampuni za kadi za malipo: Desemba 2020, siku chache baada ya New York Times kuandika kuhusu video za watoto katika Pornhub, Visa na Mastercard zilisitisha malipo, na tovuti ikaondoa mamilioni ya video ambazo wapakiaji wake hawakuwa wamethibitishwa.

Afrika Mashariki, sheria zetu nyingi bado zinasimama mahali alipokuwa yule jaji wa mwaka 1973. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia, na kipimo chake ni maudhui. Haiulizi aliyemo alifikaje. Nchini Uganda, chini ya Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014, Waziri wa Maadili Simon Lokodo alitaka mwanamuziki akamatwe baada ya picha zake za utupu kuvujishwa. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo mwaka 2021, lakini mazoea yake hayajafutika. Binti aliyerubuniwa ataendaje polisi, ikiwa kielelezo cha kwanza cha malalamiko yake kinaweza kugeuzwa shtaka dhidi yake? Huku nje, vijana wanaomba "konekisheni", yaani video za ngono, kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, na hakuna anayejua ipi kati ya video hizo ilitengenezwa kwa hiari.

Ajabu ni kwamba chombo tunacho. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya Tanzania ya mwaka 2008 inaitaja ponografia waziwazi miongoni mwa malengo yanayolifanya tendo la kumchukua mtu kuwa kosa, na inataja kisingizio cha ajira au mafunzo. Mpelelezi anayeanza na sheria hiyo hukusanya vitu tofauti kabisa na anayeanza na ile ya 2015: miamala ya simu ya kulipia nauli, ujumbe wa mtu aliyetoa ahadi ya kazi, jina la aliyepanga chumba, akaunti inayopokea fedha za watazamaji. Kinachokosekana zaidi ni kile ambacho Jaji Enright aliwapa wanawake wale pamoja na fidia: haki ya umiliki wa video zenyewe. Mwenye haki hiyo anaweza kuidai tovuti iondoe video kama mali yake, bila kwanza kumthibitishia yeyote kwamba yeye ni mtu wa maadili mema.