Foleni Yetu Ilianzia Wapi: Historia Fupi ya Mbezi na Njia Zake

Wapo kati yetu wanaoikumbuka Mbezi ya mikorosho na mihogo, enzi ambazo kwenda mjini kulimaanisha kusimama kandokando ya Barabara ya Morogoro na kungoja basi ambalo hakuna aliyejua litapita saa ngapi. Daladala, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983 na kupata jina lao kutokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano, ndizo zilizotusogeza karibu na mji. Ndizo pia zilizotuletea majirani.

Na majirani walikuja kwelikweli. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,487,288 mkoani Dar es Salaam. Ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Wengi walitafuta viwanja pembezoni, na tuseme ukweli wetu: viwanja hivyo tuliwauzia sisi. Tulipima kwa hatua za miguu, mjumbe akashuhudia, tukaacha kichochoro cha kupitisha mkokoteni. Nani wakati ule aliwaza magari?

Barabara kuu ilikuja kupata dawa yake. Mei 2016 mwendokasi ulianza kati ya Kimara na Kivukoni, ingawa sisi wa Mbezi tulipaswa kwanza kufika Kimara. Mwaka 2017 zikaja alama za X: hifadhi ya barabara ilikuwa mita 121.5 kila upande. Baadhi ya wenzetu walibomoa wenyewe ili waokoe mabati na milango. Kisha kikapanuliwa kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na tarehe 24 Februari 2021 zikazinduliwa barabara za juu za Ubungo pamoja na kituo cha mabasi cha hapa kwetu Mbezi Luis.

Leo barabara kuu ina nafasi, lakini kuifikia ndiyo kazi. Asubuhi lori la mchanga likikutana na bajaji uchochoroni, hakuna wa kurudi nyuma. Watoto wa shule wanapita ukutani wakijibana, mgonjwa anashushwa na kubebwa. Masika yakijaza kijito, mitaa yote inakimbilia njia moja. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, lakini greda haliwezi kuchonga barabara isiyokuwepo.

Ndiyo maana tumekuwa tukipita nyumba kwa nyumba kuomba kuta zirudishwe nyuma. Wengine wamekubali. Wengine wametufungia geti, na hatuwalaumu. Mtu aliyeiona X ya ndugu yake haamini haraka anayekuja na futi kamba. Tulibishana sana kikaoni, wapo waliotaka tuwashitaki. Tukakubaliana kwamba chama hakitachora alama kwenye ukuta wa mtu. Tutazungumza, tutaandikiana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ukuta utakaosogezwa tutaujenga upya kwa gharama yetu.

Harambee ya mwaka huu ni ya kazi hiyo: matofali, saruji, nondo na malipo ya mafundi, kisha kalavati moja pale kijitoni. Waliokwisha kutia saini wanasubiri tuanze kabla ya masika.