Benki Isiyo na Kwao

Benki ya BCCI ilianzishwa mwaka 1972 na Agha Hasan Abedi, mwanabenki wa Pakistan. Kampuni moja ya benki hiyo ilisajiliwa Luxembourg, nyingine Visiwa vya Cayman, na shughuli nyingi zikaendeshwa London. Hadi mwaka 1987 hata wakaguzi wa hesabu walikuwa tofauti. Hivyo mikopo hewa na hasara vilihamishwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na hakukuwa na msimamizi aliyeviona vyote kwa pamoja. Ilipofungwa tarehe 5 Julai 1991, benki hiyo ilikuwa imeenea katika makumi ya nchi, Kenya ikiwa mojawapo. Ulaghai huo haukuhitaji ujanja mkubwa. Ulihitaji tu pengo kati ya sheria za nchi moja na za nchi nyingine.

Mtu wa Garsen anaweza kusema hayo ni mambo ya matajiri, na kwamba mfugaji au mkulima wa kando ya Mto Tana hana akaunti Cayman. Historia inamkatalia. Miongoni mwa walioumia BCCI ilipofungwa ni halmashauri ya Visiwa vya Magharibi vya Scotland, eneo la wavuvi na wafugaji wa kondoo lililo mbali na jiji kuu kama Tana River ilivyo mbali na Nairobi. Ilipoteza pauni milioni 23, fedha za umma. Na leo pesa za mifugo iliyouzwa Garsen zinaweza kuvuka bahari kwa simu kabla ya magharibi, bila mwenyewe kuonana na mtu yeyote.

Wapo watakaojibu kwamba benki za nyumbani nazo huanguka. Ni kweli: Imperial iliwekwa chini ya usimamizi mwezi Oktoba 2015, Chase Aprili 2016, na wateja wakasubiri kwa uchungu. Lakini walikuwa na mlango wa kubisha. Benki Kuu ya Kenya ilijulikana iko wapi, mahakama zilifikika, na Shirika la Bima ya Amana lina wajibu wa kisheria kumlipa mwenye akiba. Tangu 2020 kikomo ni shilingi 500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Benki ya ng'ambo isiyo na leseni hapa haimo kwenye bima hiyo. Akaunti ya nje si kosa kisheria, na wengi huimiliki kwa haki. Hata hivyo, anayekuahidi faida nono na usiri, mwulize kwanza leseni yake imetolewa na nani, kisha uitafute benki hiyo kwenye orodha ya Benki Kuu. Isipokuwemo, usimpe hata shilingi.