Kalafati ya Mashine

Neno kalafati limetufikia kutoka katika Kiarabu, na Wareno waliopita pwani hii wanalo la kwao, calafetar, lenye kufanana nalo. Maana yake ni kuziba: pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa katika maungio ya mbao, kisha chombo hupakwa deheni chini na sifa juu. Chombo kisichopata kalafati kwa wakati wake hujaa maji ngamani, na mabaharia hushinda wakiyafua. Mbao, hata hivyo, zikishapigiliwa hutulia. Mashine ya kupachika tezi ilipozuliwa, ilileta swali gumu zaidi: utazibaje tundu ambalo ndani yake chuma hakiachi kuzunguka?

Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway, alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Husimuliwa kwamba miaka michache kabla yake alipiga makasia ziwani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika. Kisa ni kitamu, na yumkini kimetiwa chumvi, jambo ambalo ziwa lenyewe halikuwa nalo. Mashine ile ya nguvu za farasi moja na nusu ilizaliwa katika maji baridi, na kwa kuzuia maji yasiingie kwenye gia ilitegemea bushi iliyobana na grisi nzito, basi.

Waingereza walilishika wazo hilo wakalishupalia. British Seagull, iliyoanza Wolverhampton mwaka 1931 na baadaye kuhamia Poole, kwa miaka mingi haikuwa na kizibo chochote cha mpira kwenye shafti ya propela. Boksi la gia lilijazwa mafuta mazito sana, yakavuja kidogo kidogo, maji nayo yakaingia kidogo kidogo, na mwenye mashine alitakiwa kuongeza mafuta kila baada ya saa kadhaa za safari. Juu, kwenye mhimili wa injini, mafuta mengi yaliyochanganywa katika petroli, sehemu moja kwa kumi, ndiyo yaliyoziba mianya ya bushi. Mimi naona kulikuwa na hekima katika mpango ule, kwani kisichokuwapo hakichakai. Ila bahari ilipakwa utando wa mafuta kila chombo kilipopita.

Jibu la pili lilitoka kwa watengeneza ngozi. Katika mji wa Weinheim, Ujerumani, kiwanda cha ngozi cha Freudenberg kiligeukia vizibo vya mashine, kwanza vya ngozi, kisha, katika miaka ya 1930, vya mpira wa kutengenezwa. Hiyo ndiyo pete ambayo mafundi wetu huiita sili. Ina mdomo mwembamba unaogusa shafti, na nyuma ya mdomo kuna springi ndogo ya mviringo inayoukumbatisha.

Mdomo huo una maadui wengi. Mchanga huusaga. Mshipi wa mvuvi ukijisokota nyuma ya propela huukata. Hata mashine iliyowekwa ghalani haisalimiki, maana mpira huwa mgumu kwa umri tu. Sili ya chini ikichoka, mafuta ya gia hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ya juu ikichoka, mambo hujificha zaidi: injini ya mipigo miwili huvuta hewa isiyotakiwa, mchanganyiko wa petroli hupungua nguvu, pistoni hupata moto kupita kiasi, na mwenyewe hulaumu plagi wiki nzima.

Fundi mjuzi hakimbilii kupachika pete mpya. Kwanza hupitisha ukucha juu ya shafti, kwa sababu sili ya zamani, laini kama ilivyo, huweza kuchimba mfuo katika chuma. Akiuona mfuo, huiketisha pete mpya ndani kidogo au nje kidogo ya mahali pa ile ya kale, ili mdomo ukutane na chuma kizima. Huupaka grisi, huuelekeza kule kinakozuiwa kitu, na hugonga kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wa pete, taratibu, pande zote.

Utengenezaji wa Evinrude ulisitishwa mwaka 2020. Seagull ilikuwa imekoma tangu miaka ya 1990. Mwenye mashine kuukuu huambiwa dukani kwamba vipuri vyake havipo tena, naye huiacha ikaozea ufukoni. Wengi wanaiacha bure. Sili haiulizi jina la mashine. Huulizwa vipimo vitatu tu: upana wa shafti, upana wa tundu, na unene wa pete. Iliyotengenezewa trekta au pampu, vipimo vikilingana, itaingia. Mashine za Kimarekani zilipimwa kwa inchi, kwa hiyo pete ya milimita iliyokaribiana nayo isilazimishwe. Na kabla ya kulipa, igeuze uitazame ile springi: ya chuma cha kawaida italiwa na kutu ya maji ya chumvi, basi tafuta yenye chuma kisichoshika kutu.