Magoti ya Blair na Kimo cha Thabeet

Kumpima mtu mwili kabla ya kumpa nafasi ni desturi kongwe katika nchi yetu. Wengi wetu tulioanza shule zama za mkoloni, na hata waliotufuata baada ya Uhuru, hatukuulizwa cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa hatukuwa nacho. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, aliandikwa, asipolifikia, alirudi kuchunga hadi mwakani. Mnadani nako, mnunuzi wa ng'ombe wa kulimia humfumbua kinywa amtazame meno, kisha huomba atembezwe ili aone kama anachechemea.

Kipimo cha namna hiyo kilifanyika Marekani mwaka 2009, na kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alikuwamo. Nakieleza kwa sababu naona watu wetu walishika ncha moja tu ya kisa hicho, ile ya kumcheka.

Kule vilabu vya kulipwa havigombanii vijana ovyo. Mara moja kwa mwaka vilabu vyote hukaa na kuchagua kwa zamu, na vilivyofanya vibaya msimu uliopita hupewa nafasi kubwa zaidi ya kutangulia. Wenyewe huuita uteuzi huo drafti, jina ambalo kwetu ni mchezo wa kete chini ya mwembe. Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa kimo, uzito, urefu wa mikono na mbio, kisha hulazwa mbele ya madaktari, ambao huvuta na kupinda kila kiungo kilichowahi kuumia.

Thabeet, mwenye kimo cha sentimita 221, alikuwa akichezea mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, timu yake, iliyokuwa ya kwanza nchini humo, ilikutana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh mjini Hartford. Upande wa pili alisimama DeJuan Blair, mnene, mfupi kuliko yeye kwa kiasi cha sentimita 20. Katika kugombea mpira Blair alimvuta Thabeet mkono, akampitisha juu ya bega lake na kumtupa sakafuni kama gunia la pamba. Mchezo ulipokwisha Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68. Hata hivyo mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao.

Kisha wakaja madaktari. Blair alikuwa ameumia magoti yote mawili akiwa bado shule ya sekondari, akapasuliwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ile kano ya ndani ya goti, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, haikuwapo katika goti lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa akirukia watu wa sentimita 221 kwa nguvu za misuli ya mapaja na kano zilizobaki.

Tarehe 25 Juni 2009 Thabeet alichaguliwa wa pili, na klabu ya Memphis. Blair alingoja hadi nafasi ya 37, akachukuliwa na San Antonio. Msomaji asidhani kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya kipumbavu. Vilabu viko 30, na anayechaguliwa katika duru ya kwanza huwa na mshahara uliohakikishwa kwa miaka ya mwanzo, acheze au asicheze. Duru ya pili haina sharti hilo. Ndiyo kusema nafasi ya 37 ndipo mahali ambapo goti bovu linaweza kujaribiwa bila kuifilisi klabu. Ng'ombe anayechechemea hununuliwa pia, ila kwa bei yake.

Mambo yaliendaje? Blake Griffin, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa akiwa mzima, alivunjika kifuniko cha goti kabla msimu haujaanza, asicheze hata mchezo mmoja mwaka huo. Blair asiye na kano alicheza michezo yote 82 ya msimu wa kawaida, na katika ligi hiyo alidumu misimu 7. Thabeet alipelekwa ligi ya chini mwezi Februari 2010, kisha akahamishwa klabu hadi klabu, na mwaka 2014 akawa amemaliza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2.

Ukienda kwenye mpira wao mwingine, ule wa kofia ngumu, utaona jambo hilo likijirudia. Humo wako watu watano wakubwa wa mstari wa mbele ambao kazi yao ni kusukumana na maadui ili mpigaji pasi asiangushwe. Uzito wote huo huangukia magotini. Vijana wa mchezo huo wamekuwa wakikusanywa mjini Indianapolis tangu mwaka 1987, na chanzo cha mkusanyiko huo kilikuwa hasa uchunguzi wa daktari, ili kijana mmoja asizungushwe kwa madaktari wa kila klabu. Landon Dickerson wa Chuo Kikuu cha Alabama alikwisha kuumia miguu zaidi ya mara moja alipokatika kano ya goti Desemba 2020, miezi michache kabla ya uteuzi. Philadelphia walimchagua mwaka 2021, nafasi ya 37, ileile ya Blair. Mwaka 2024 walimwandikia mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 84, na Februari 2025 alikuwa katika mstari huo walipotwaa ubingwa.

Mimi sikuwahi kupima magoti ya mtu, lakini nilikaa miaka mingi kwenye kamati za kupokea wanafunzi wa ualimu. Fomu ya daktari ilikuwa na mahali pa kuandika anafaa au hafai. Mwaka mmoja alifika kijana mwenye mguu uliopooza tangu utotoni, anatembea kwa fimbo; ameandikiwa hafai, kwa kuwa hataweza kufundisha michezo. Tulibishana nusu siku. Mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo fomu haikuwa nalo: je, tunalo darasa lisilo na ngazi, na mwalimu wa kumsaidia kipindi cha michezo? Tulikuwa navyo vyote viwili. Kijana akapokewa, akafundisha hesabu hadi akastaafu.

Swali hilo ndilo ninalolikosa katika habari za mwaka 2009. Blair aliingia katika nyumba ya mwalimu Gregg Popovich, akacheza kando ya Tim Duncan, katika klabu iliyozoea kuwapangia watu dakika za kucheza. Dickerson alimkuta Jason Kelce amesimama ubavuni pake, na mwalimu wa mstari, Jeff Stoutland, ambaye wachezaji humtaja kwa heshima. Klabu zilimpima mchezaji hadi kwenye kano ya ndani ya goti. Nyumba ya kumpokea haikupimwa na mtu.

Thabeet alikuwa mzima wa viungo, na Mtanzania wa kwanza kufika huko. Akhwari wa mwaka 1968 sina haja ya kumrudia, kila mtoto wa shule anamjua. Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile, tena kijana, tena hodari, na katikati hapo husimama mtu mmoja. Kijana wetu alikuwa ameanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Siku alipoitwa jukwaani kuvishwa kofia ya Memphis, alikuwa ameucheza mchezo huo kwa miaka 7 hivi, na kilichobaki kilikuwa cha kufundishwa.