Steringi Hafi: Kuondoka, Kurudi na Hatari katika Filamu za Fast & Furious

Utangulizi

Katika vibanda vya video vya mitaani kwetu kuna kanuni moja ambayo mtoto anaijua kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe baharini, gari lilipuke, yeye atatoka tu. Ni rahisi kuicheka kanuni hii. Makala haya yanadai kwamba ni kanuni nzito ya kifani, na kwamba historia yake inaonekana vizuri katika mfululizo mmoja wa filamu za mbio za magari kutoka Marekani, Fast & Furious, tangu mwaka 2001 hadi 2023. Najua wapo wenzetu, na hata baadhi ya walimu wetu, wanaosema kwamba filamu hizi ni biashara tupu na hazistahili ukurasa wa jarida la uhakiki. Kuhusu biashara sibishani nao. Nabishana nao kuhusu kustahili.

Mwanzo: mtaa na gari

Filamu ya kwanza, The Fast and the Furious (2001), iliongozwa na Rob Cohen. Chimbuko lake ni makala ya Ken Li iliyotoka katika jarida la Vibe mwaka 1998, kuhusu vijana wa New York walioshindana kwa magari usiku. Watunzi wa filamu waliihamishia hadithi Los Angeles. Hatari iliyomo humo ni ya kadiri ya binadamu. Vijana wanashindana robo maili, na wengine wanavamia malori barabarani wakiwa katika magari madogo. Dereva mmoja wa lori ana bunduki, anaitumia, na hadhira inaogopa kweli. Jesse, kijana fundi, anapigwa risasi nje ya nyumba na kufa. Mpaka leo hajarudi. Naomba msomaji amkumbuke Jesse, maana tutamhitaji mbele.

Mkataba na mhusika

Katika filamu ya pili, 2 Fast 2 Furious (2003), Vin Diesel, aliyekuwa Dominic Toretto, hakuwemo. Paul Walker akabaki kama Brian, hadithi ikahamia Miami chini ya mwongozaji John Singleton, na wakaingia Tyrese Gibson na Ludacris. Katika ya tatu, Tokyo Drift (2006), hata Walker hakuwemo. Mwongozaji Justin Lin alianza na steringi mpya kabisa, Lucas Black, jijini Tokyo. Diesel alitokea mwishoni tu, na malipo yake hayakuwa fedha bali haki za mhusika mwingine, Riddick.

Tuseme wazi: mpaka hapa, mabadiliko ya wahusika hayakutokana na dhamira yoyote ya kisanaa. Yalitokana na mikataba. Mwigizaji hakusaini, basi mhusika "kasafiri". Fanani wa ngano naye hubadilisha wahusika kufuatana na hadhira iliyo mbele yake, lakini fanani halipi mshahara Sungura.

Jambo la kuvutia ni jinsi watunzi walivyoligeuza tatizo hili kuwa mbinu. Han, aliyeigizwa na Sung Kang, anakufa katika Tokyo Drift. Watazamaji walikuwa wamempenda. Wakafanyaje? Filamu za 2009, 2011 na 2013 zikawekwa kabla ya Tokyo Drift katika mtiririko wa matukio. Kwa hiyo Han aliyekufa 2006 tunamwona mzima miaka saba baadaye. Ni mbinu rejeshi iliyonyooshwa ikafunika filamu tatu nzima.

Kifo kikishuka thamani

Baada ya hapo mlango ukabaki wazi. Letty, aliyeigizwa na Michelle Rodriguez, tuliambiwa ameuawa mwaka 2009; mwishoni mwa Fast Five (2011) tukaoneshwa picha yake, na mwaka 2013 akarudi akiwa amepoteza kumbukumbu. Gisele wa Gal Gadot alianguka kutoka kwenye ndege mwaka 2013. Mwishoni mwa Fast X (2023) huyo hapo, anatabasamu. Katika filamu ya sita tuliona Deckard Shaw, aliyeigizwa na Jason Statham, akimuua Han, na mwaka 2017 muuaji huyo akakaribishwa kula pamoja na familia. Watazamaji walikasirika wakadai haki kwa Han. Jibu walilopewa mwaka 2021 katika F9 ni kwamba Han hakufa kabisa.

Sasa tazama upande wa pili. Katika kipindi hichohicho, hatari ilikuwa inapanda. Mwaka 2011 sefu kubwa linaburutwa na magari mawili katika mitaa ya Rio de Janeiro. Mwaka 2013 ni kifaru barabarani. Mwaka 2015 magari yanatupwa kutoka kwenye ndege. Mwaka 2021 gari linafika anga za juu. Wengi husema huu ni uroho wa fedha tu. Mimi naona pia sababu ya kifani. Hadhira ikishajua kwamba hakuna anayekufa, mbio za robo maili haziwezi kuitisha tena. Mtunzi aliyekiondolea kifo uzito hana budi kuongeza ukubwa wa ajali, na kila akiongeza, uzito unazidi kupungua. Kifo cha Jesse, kijana mmoja tu, kilituuma kuliko gari la angani.

Lakini miili ni ya kweli

Hapa ndipo uhakiki wa fani peke yake haujitoshelezi. Mengi ya matukio haya yalifanywa kweli. Katika Fast Five, moja ya masefu yaliyotengenezwa lilikuwa gari lenye dereva ndani yake. Kwa ajili ya Furious 7 magari halisi yaliangushwa angani kwa miamvuli. Nyuma ya steringi asiyekufa yupo mtu mwingine anayeanguka kwa niaba yake, na huyo hana mtunzi wa kumrudisha. Mwezi Julai 2019, wakati F9 inapigwa huko Uingereza, mmoja wa watu hao alianguka takriban mita 7.6 baada ya kamba yake kuachia, akaumia vibaya kichwani. Mwaka 2023 mahakama iliitoza kampuni iliyohusika faini ya pauni 800,000.

Na tarehe 30 Novemba 2013, steringi mwenyewe alikufa. Paul Walker hakufa kazini. Alikuwa abiria katika gari lililopata ajali baada ya shughuli ya hisani huko California, na Furious 7 ilikuwa haijakamilika. Filamu ikaahirishwa hadi 2015. Ndugu zake wawili, Caleb na Cody, wakasimama mahali pake mbele ya kamera, na kompyuta ikawavika sura yake. Mwongozaji James Wan hakumuua Brian. Alimpa njia panda: magari mawili yanakwenda sambamba, kisha moja linachepuka.

Hitimisho

Nilikuwa darasa la tano tulipoiona picha hiyo kibandani. Mtafsiri wetu, ambaye hakuwa na desturi ya kunyamaza, alinyamaza. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona hajafa na watu wanalia?" Hakuna aliyemjibu.

Leo ningemjibu kwa Fumo Liyongo. Utendi ulimwacha shujaa wake afe. Alichomwa na mwanawe, akapiga magoti kisimani na upinde wake mkononi, akakata roho pale, na watu wakaendelea kumwogopa wakidhani yu hai. Ukubwa wake unatokana na kwamba hakurudi. Filamu hizi ziliogopa kukubali kifo kwa miaka mingi, na tukio lao zito kuliko yote ni lile ambalo kifo kiliingia bila kuombwa ruhusa. Watunzi wangeweza kumrudisha Letty, Han na Gisele. Barabara ile iliyochepuka haikurudisha mtu, na ndiyo maana kibanda kizima kilinyamaza.